Wanaodai haki, wanakula nini na wanalala wapi?

 

Leo tufungue Biblia mahali ambapo wahubiri wengi hupita haraka: Kumbukumbu la Torati, sura ya 20. Ni sura ya vita. Inaeleza nani aende na nani arudishwe nyumbani: aliyejenga nyumba na hajaizindua, aliyepanda mizabibu na hajaonja matunda yake, aliyeposa na hajaoa, na yule ambaye moyo wake umeingiwa na hofu. Halafu mwishoni kabisa, mstari wa 19 na wa 20, linakuja agizo usilolitarajia. Jeshi likiuzingira mji kwa siku nyingi, lisiitie shoka miti ya matunda iliyo nje ya mji huo. Matunda yake wale. Kuni na magogo ya boma la vita wayatafute kwenye miti isiyozaa chakula.

Hebu mfikirie huyo askari. Yuko mbali na kwao, ana baridi, ana njaa, na mti uko pale pale karibu na hema lake. Mwenye mti ni adui yake. Anaamini kabisa kwamba Mungu yuko upande wake. Na hapo hapo sheria ya Mungu inamwambia: vita yako endelea nayo, lakini mti huo haukukukosea, wala hauna miguu ya kukimbilia ndani ya ngome.

Msomaji wangu wa Miembeni, pale Bukoba mjini, unalielewa jambo hili hata kabla sijalieleza. Mtaa wako umepewa jina la miti. Mtu fulani, zamani, aliotesha kokwa au aliuacha mche wa mwembe usimame alipokuwa akifyeka. Mwembe hauna haraka. Aliyeupanda huenda alikula maembe machache tu, na wajukuu wa jirani yake ndio walioangua mengi. Ukiukata asubuhi moja kwa hasira, hasira itaisha jioni, lakini mwembe mwingine utausubiri miaka.

Kwa nini naleta maneno haya Jumapili ya leo? Kwa sababu tunapozungumzia watu wanaodai haki tunazungumza juu ya hotuba zao, mabango yao, virungu walivyopigwa na jela walizolala. Ni mara chache tunauliza maswali ya jikoni. Walikula nini? Nani alipika, na kwa kuni za nani? Walilala wapi? Walipoondoka, mahali pale palibaki katika hali gani? Maswali haya yanaonekana madogo. Mimi nayaona kuwa ndiyo yanayoonyesha kama watu hao walikuwa wakitaka dunia tofauti, au walitaka tu kubadilishana viti na wale wanaowapinga.

Biblia haiyaoni madogo. Soma Nehemia sura ya 5. Wengi tunamjua Nehemia kwa ukuta. Tunamhubiri kwenye harambee za ujenzi, mwenye tofali aje na tofali. Lakini katikati ya ujenzi ule, adui wakiwa wamewazunguka na mafundi wakijenga huku silaha ziko mkononi, kilio kilitoka ndani. Watu na wake zao walilalamika. Hawakuwalalamikia Sanbalati na Tobia, waliwalalamikia ndugu zao Wayahudi. Walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Watoto wao walikuwa wanaingia utumwani. Ukuta wa wote ulikuwa unapanda, na meza za wachache zilikuwa zinanona.

Nehemia angeweza kusema kwamba huo si wakati wake, tumalize kwanza ukuta, mambo ya chakula tutayaona baadaye. Ni maneno ambayo viongozi wa harakati nyingi wameyasema, na viongozi wa kamati za ujenzi wa makanisa pia, tusijifiche. Yeye alisimamisha mambo, akaitisha mkutano mkubwa, akawakemea wakubwa mbele ya watu, akawataka warudishe mashamba siku ile ile. Wakakubali. Halafu, na hapa ndipo ninapopapenda, anafungua hesabu za nyumbani kwake. Anasema kwa miaka 12 hakula chakula cha liwali, posho aliyostahili kwa cheo chake. Maliwali waliomtangulia waliwatoza watu chakula na divai, pamoja na shekeli 40 za fedha. Anataja hata kilichoandaliwa mezani kwake kwa siku: ng'ombe mmoja, kondoo wazuri sita, na kuku. Wageni wake walikuwa zaidi ya 150. Gharama haikuwabebesha watu, kwa sababu aliona mzigo wao tayari ni mzito.

Ng'ombe mmoja kwa siku si maisha ya mtawa, najua. Nehemia hakuwa maskini na hakujifanya maskini. Lakini alijua kiasi, alijua kinatoka wapi, na aliweza kukitaja hadharani. Jiulize ni viongozi wangapi leo, wa serikali, wa upinzani, wa dini, wanaoweza kusimama na kusema kilichopikwa kwao jana na nani alikilipia.

Tukitaka mfano wa karibu zaidi na sisi, tuvuke mpaka kidogo tu hadi Kenya.

Profesa Wangari Maathai anakumbukwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Picha tuliyobaki nayo ni ya mama mwenye tabasamu na kitambaa cha rangi kichwani, akishika mche. Ni picha ya kweli, ila imepunguzwa makali. Mama huyu alipigwa, alikamatwa na alitukanwa bungeni. Alisomeshwa na masista wa Konsolata kule Mathari, Nyeri, kisha Loreto Limuru, na baadaye chuo cha masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas, Marekani. Ni binti wa shule za misheni, kama walivyo mama zetu wengi wa Kagera waliosomeshwa na masista.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa umoja wa wanawake wa nchi yao walipanda miti 7 katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo lilipoanzia vuguvugu lililokuja kuitwa Green Belt. Wanawake wa vijijini walikuwa wamemweleza shida zao: kuni ziko mbali, maji yamepungua, watoto wanakula vyakula vya haraka visivyojenga mwili kwa sababu vinapikwa kwa kuni chache. Alianza na shida hizo za mafiga. Siasa ilikuja baadaye, ikiwafuata kutoka huko huko jikoni.

Mwanzoni Idara ya Misitu iliwapa miche bure. Wanawake walipoanza kuichukua kwa wingi, idara ikasema haiwezi kuendelea hivyo. Basi wakaamua kuotesha wenyewe. Wataalamu walisema kazi hiyo inahitaji watu wenye stashahada. Mama hawa wakachukua vyungu vilivyovunjika na kuviweka juu, mahali ambapo kuku hawafiki. Wakatoboa makopo ya zamani wakapata vinyunyizio. Wakaokota mbegu za miti ya asili ya maeneo yao na kuangalia zinavyoota, kama wanavyoangalia maharage na mahindi. Maathai mwenyewe alipenda kuwaita mabwana misitu wasio na stashahada. Na malipo yalikuwa na hekima ndani yake: kikundi hakikulipwa kwa mche uliochomekwa ardhini siku ya sherehe, kililipwa fedha kidogo kwa mche ulioshika na kuishi. Natamani utaratibu huo ungetumika kwenye kampeni zetu zote za kupanda miti, ambapo mgeni rasmi hupanda, hupigwa picha, na mbuzi humalizia kazi. Hadi anapewa Nobel, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Angalia jinsi maisha na madai yalivyokuwa kitu kimoja. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo wananchi wa Nairobi wasio na fedha ya hoteli hupumzikia, Maathai aliandika barua za kupinga kwa kila ofisi aliyoweza kuifikia. Alidhihakiwa. Wanaharakati wake wakafukuzwa katika ofisi ya serikali waliyokuwa wakiitumia. Alifanya nini? Aliwahamishia nyumbani kwake, nyumba ya kawaida tu mtaa wa South C, na kazi ikaendelea sebuleni na vyumbani. Hatimaye mradi wa ghorofa ukaachwa.

Mwaka 1998 na 1999 ikawa zamu ya msitu wa Karura, pembezoni mwa Nairobi, ambao vipande vyake viligawiwa watu wenye uwezo ili wajenge. Waandamanaji wake walibeba miche na maji ya kumwagilia. Fikiria hilo. Kuandamana kwenyewe kulikuwa kazi ambayo ingebaki na faida hata kama hakuna mkubwa angesikiliza. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mti langoni mwa msitu, wakashambuliwa na kundi la watu wenye silaha za jadi. Maathai alipasuliwa kichwa. Alikwenda polisi kuandikisha malalamiko, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Agosti mwaka huo huo rais alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma, na leo Karura ni msitu ambao watu hutembea ndani yake na watoto wao.

Lakini kisa ninachotaka ukae nacho, wewe mwenye parokia au usharika, ni cha mwaka 1992. Tarehe 28 Februari akina mama waliokuwa na wana waliofungwa kwa sababu za kisiasa walikwenda kwa mwanasheria mkuu kudai wana wao, kisha wakaketi kwenye kona moja ya Uhuru Park wakisema watasubiri hapo. Hawakula. Wengi walikuwa wazee, kina bibi wa vijijini. Maathai alikaa nao. Watu waliokuwa wakipita walianza kusimama, na kona ile ikawa mahali pa kusimulia mateso ambayo hayajawahi kusemwa kwa sauti. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na mabomu ya machozi na virungu. Maathai alipigwa hadi kuzimia. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari, na katika mila zetu za Kiafrika mzazi akifikia hapo, mwenye akili hufumba macho na kukimbia.

Wakapoteza bustani. Waende wapi? Walikwenda kanisani. Kanisa Kuu la Anglikana la All Saints, hatua chache kutoka pale, chini ya Provosti Peter Njenga, liliwapa hifadhi. Wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa. Hawakukaa usiku mmoja wala juma moja. Walikaa karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993.

Mwaka mzima, ndugu msomaji. Mgomo wa kula ulipokwisha, watu hawa walihitaji uji asubuhi, maji ya kuoga, choo, blanketi, mahali pa kuanika nguo. Ibada za Jumapili ziliendelea juu yao, harusi zilifungwa, watoto walibatizwa, na chini kulikuwa na bibi wanaokunja mikeka. Polisi walilizingira kanisa mara kwa mara. Sidhani kama waumini wote walifurahi. Katika kanisa lolote ninalolijua kungekuwa na mzee wa kanisa wa kuuliza bili ya maji imepandaje, na mwingine wa kusema jambo hili ni la siasa, lisituharibie uhusiano na wakubwa. Hoja hizo zina uzito, nami sizidharau, maana kanisa lina watoto wengi wa kulinda. Lakini kama wangezifuata, wale bibi wangerudi barabarani.

Ukikaa na kisa hiki utaona kwamba maisha ya kadiri si mapambo ya watu wema. Ni nguvu. Mtu anayeweza kuishi kwa uji na mkeka hawezi kununuliwa kwa urahisi, wala hawezi kuchoshwa haraka. Aliyezoea kuandamana kwa posho, soda na fulana mpya, siku posho ikikatika naye yuko nyumbani.

Mohandas Gandhi alilijua hili na alilisimamia kwa ukali ambao wengine tungeuona umezidi. Machi 1930 alitembea kwa miguu kutoka Sabarmati hadi pwani ya Dandi, karibu kilomita 390, kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza huko India. Kabla ya safari alikuwa amemwandikia Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme, kwamba mshahara wake unazidi mara 5,000 kipato cha Mhindi wa kawaida. Sasa njiani, kijiji cha Bhatgam, Gandhi akagundua kwamba maziwa yameletwa kwa lori kutoka mji wa Surat kwa ajili ya msafara wake, na usiku vibarua maskini wamebebeshwa taa nzito vichwani ili kuwamulikia njia. Akawakemea wenzake hadharani, na nafsi yake pia. Kama tunakula juu ya uwezo wa watu tunaowasemea, barua ile kwa Lord Irwin tuliiandika kwa haki gani? Nehemia angemwelewa.

Na kwetu Kagera? Tunayo historia yetu, na ina somo lenye kona nyingine. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walizikataa kanuni mpya za serikali ya Waingereza kuhusu utunzaji wa mibuni, na nchi ikachafuka. Mwaka 1953, Kamachumu, ambayo leo iko Wilaya ya Muleba, watu walikusanyika kwa maelfu na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Miongoni mwa yaliyowaudhi yalikuwa amri za kupambana na fukusi wa migomba, zilizowaingiza wakaguzi katika vibanja vya watu. Ali Migeyo, mzee wa Kamachumu aliyewaongoza watu katika siku hizo, aliishia jela.

Mtu wa nje akisoma habari hizi anaweza kusema: watu hawa walikataa kutunza mazingira. Atakuwa hajawahi kuingia kwenye kibanja. Mhaya alitunza ardhi kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Udongo wetu wa sehemu nyingi si tajiri kama unavyoonekana, mvua huufua. Kibanja ni cheusi na chenye rutuba kwa sababu watu wamekilisha kwa vizazi. Nyasi zilikatwa kwenye rweya, zikabebwa kichwani, zikatandazwa chini ya migomba. Samadi ya ng'ombe ilirudi shinani, maganda ya ndizi na majivu vilirudi shinani. Kahawa ilikua kwenye kivuli cha mgomba, maharage yakawa chini yake. Hakuna kilichotupwa. Kwa hiyo wazee wale hawakukataa kutunza. Walikataa kuamriwa ndani ya kibanja chao na watu wasiowauliza, kwa faini na vitisho.

Nadhani ndiyo maana mama wa Wangari walifanikiwa. Kazi ilikuwa ile ile, jembe na mche na maji. Tofauti ni nani aliyeamua. Serikali zetu na hata makanisa yetu tukitaka watu watunze vyanzo vya maji au waache kukata miti, tuikumbuke Kamachumu.

Sasa kuna swali ambalo najua baadhi yenu mmekuwa nalo tangu mwanzo. Je, ni lazima mtu awe safi kabisa ndipo aweze kudai? Tulichukue bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ambalo linapita mkoani kwetu, Muleba ikiwamo. Wapo wanaolitarajia kwa ajira na mapato. Wapo wanaolipinga, na ng'ambo ya mpaka, Kampala, vijana wanaolipinga wamekamatwa mara kadhaa. Sitaamua kesi hiyo katika ukurasa huu. Lakini nimesikia jinsi vijana wa namna hiyo wanavyojibiwa: wewe mwenyewe ulikuja kwa bodaboda, bodaboda inatumia uji? Watu wanacheka, na mjadala unaishia hapo.

Jibu hilo linachekesha lakini si la haki. Kama tungengoja mtu asiye na doa ndipo aseme, manabii wote wangenyamaza, kuanzia Isaya aliyesema yeye ni mtu mwenye midomo michafu. Mkulima anayelalamikia bei ya mbolea hatumwambii kwanza aache kutumia mbolea. Kwa hiyo tusiugeuze mwenendo mwema kuwa kufuli la midomo ya wengine. Nehemia aliikagua meza yake mwenyewe kwanza. Gandhi alikagua msafara wake mwenyewe. Kipimo hiki ni cha kujipima, na mtu akikitumia kumpimia jirani ili amnyamazishe, amekosea matumizi.

Basi tujipime sisi. Tunaomba mvua makanisani. Tunalalamika kwamba ziwa linachafuka na samaki wamepungua. Halafu fuata mkutano wetu wa injili, jubilei ya padre wetu, kongamano la vijana au harusi ya binti wa mzee wa kanisa, ukaangalie uwanja saa mbili baada ya baraka ya mwisho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na kwa hilo tumepata nafuu. Chupa za maji zimebaki. Sahani za kutupa zimebaki, na wali nusu juu yake. Mvua ya Bukoba haichelewi: vyote vinasukumwa kwenye mfereji, mfereji unaingia mto Kanoni, na Kanoni inamwaga ziwani. Tumekula kwa jina la Bwana na kumwachia samaki sahani.

Kumbuka Yesu alivyofanya baada ya kuwalisha watu 5,000, katika Yohana 6:12. Aliyeweza kuzidisha mikate tena kesho yake aliwatuma wanafunzi waokote mabaki ili pasiwe na kitu cha kupotea. Vikapu 12. Nafikiri kila mtume alibeba chake, na mgongo ulimwuma. Kwa ndugu zangu Wakatoliki, Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 anashuka hadi huko huko: kupika kinachotosha, kupunguza plastiki na matumizi ya maji, kutenganisha taka, kupanda miti.

Na wala si kwamba hatujui njia. Bibi zetu waliandaa ndizi kwa watu 200 juu ya majani ya mgomba, na jioni majani yale yakarudi kibanjani kuwa mbolea. Ndoo mbili za maji ya kuchemsha zenye koki na vikombe vya jumuiya vinatosha kwa semina ya siku nzima, ikiwa wapo watu wanne wa kuviosha. Hapo ndipo penye ugumu: watu wanne wa kuosha. Kwa kawaida tunawaachia akina mama, ambao hawakusikia mahubiri kwa sababu walikuwa jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Kamati ya maandalizi ikiweka wanaume wawili kati ya hao wanne, nitaamini kwamba tumeanza kuelewa sura ya 5 ya Nehemia.

Nirudi kidogo kwa Wangari. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba asizikwe katika jeneza la mbao, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Ndiyo, magugu maji haya haya yaliyoziba fukwe za ziwa letu na kuwatesa wavuvi, ambayo mto Kagera umeyashusha kwa miaka mingi. Ibada ya kuagwa kwake ilifanyika pale pale Uhuru Park, kwenye kona ile alikopigwa na wale mama mwaka 1992.

Juma hili, jumuiya yenu ikikutana, someni Nehemia sura ya 5 yote, mistari 19 tu, isomwe na mwanamke. Kisha mjadili swali moja, bila kulipamba: bibi watano wenye wana waliofungwa wakigonga mlango wa kanisa lenu usiku wa leo, na wakasema watakaa mpaka wana wao warudi, ufunguo wa ukumbi anao nani, na uji wa asubuhi utapikwa kwa nani?

Jumapili njema.